Mashati ya Rangi Tisa

Nimeacha kushona. Macho ndiyo yaliyoomba ruhusa kwanza, magoti yakafuata, na vidole, ambavyo ni vikaidi kuliko viungo vyangu vyote, bado vinabishana nami kila asubuhi vikitafuta mkasi. Ninyi mnaokuja Jumamosi kujifunza ushonaji kwenye ukumbi wa kanisa mnaniona nimekaa nimekunja mikono, mnadhani nimepumzika. Sijapumzika hata kidogo. Ninawaangalia mnavyokata kitambaa na moyo unanidunda.

Kila anayeingia kwangu hapa Joubert Park huuliza habari ya ile picha ya ukutani. Wanaume kumi na wanane wamesimama uwanjani, suruali zinaishia magotini, soksi ndefu, vikofia vidogo, na mashati ya kila rangi, mengine meupe, mengine ya mistari kama punda milia aliyemwagikiwa rangi. Mmoja wenu aliniuliza kama hao ni watu wa sarakasi. Hapana. Hao ni wachezaji wa besiboli wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, au tuseme ni waigizaji wa Johannesburg waliovishwa kama wao, na mashati hayo niliyakata mimi. Manane niliyakata mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea vibaya sana, na ninataka mlisikie kosa hilo kutoka kinywani mwangu, maana naona mmezoea kusikia sifa zangu tu.

Nilitoka Bukavu, kule Kongo, nikijua kushona gauni la kitenge, blauzi ya mabega mapana na sare ya kwaya. Nilidhani hiyo ni elimu kubwa. Nilipofika hapa nikaweka cherehani yangu kwenye chumba kimoja karibu na Park Station, pamoja na Maman Bora, rafiki yangu tuliyetoka naye mtaa mmoja. Watu wa mjini hawakutaka mabega mapana. Walileta suruali za jinzi ndefu nifupishe, na zipu zilizong'oka nibadilishe. Miaka ikaenda hivyo. Nikawa maarufu kwa zipu. Nilikuwa napita njiani mtu ananiita, "Mama wa zipu!" nami naitika, lakini ndani yangu nauma meno. Mtu aliyezaliwa kukata nguo kuitwa kwa jina la zipu ni kama mpishi wa harusi kuitwa mama wa chumvi.

Aliyenitoa huko, au aliyeanza kunitoa, ni Mzee Hamisi, fundi wa suti aliyekuwa na duka lake dogo Fordsburg, nyuma ya maduka ya vitambaa. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alikubali niwe naenda kwake siku mbili kwa wiki kujifunza nguo za kiume. Wiki ya tatu akanipa nikate suruali ya sufu ya bwana harusi. Nikaikata vizuri, nikaishona vizuri, nikaipiga pasi ya mvuke mbele yake huku natabasamu. Suruali ikapanda. Niliiona kwa macho yangu ikipanda, vidole vitatu kutoka chini.

Mzee Hamisi akaishika, akaiinua kwenye mwanga. "Binti yangu," akasema, "hii umemshonea bwana harusi au mdogo wake?"

Hakunifokea. Alinituma nikanunue kitambaa kingine, akanionyesha kukirowesha kwenye maji ya uvuguvugu, kukitoa bila kukikamua, kukitandaza kivulini mpaka kikauke chenyewe, ndipo chaki iguse. Sufu hujikunja ikikutana na maji mara ya kwanza, basi afadhali ijikunje kabla hujaikata. Tangu siku hiyo sijakata sufu kavu. Nanyi mkikata sufu kavu nitajua, hata kama nimelala.

Sasa tuje kwenye besiboli.

Kulikuwa na kijana wa kike anaitwa Thandeka, mtu wa hapa hapa, aliyefanya kazi kwenye kampuni moja ya kutengeneza filamu, upande wa mavazi. Alikuwa ananiletea zipu za nguo za waigizaji. Siku moja alikuta nimemtengenezea Maman Bora jaketi la kukata mwenyewe, akaligeuza nje ndani kuangalia mishono. Wiki iliyofuata akarudi na habari kwamba wanatengeneza filamu kuhusu watu wa kwanza kulipwa mshahara kwa kucheza besiboli, wanaipiga picha Midrand kwenye uwanja waliojenga wenyewe kwa mbao, na anataka mimi nikate nguo za timu mbili nzima.

"Bosi wangu amesema wale mama wa Joubert Park ni wa zipu," akaniambia. "Nimemwambia nitawajibika mimi. Tafadhali, Mama, usiniangushe."

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Miaka yote nilingoja jambo moja tu: nguo iliyokatwa kwa mkono wangu ionekane na watu, na watu wajue ni mkono wa nani. Nilikuwa nimekwisha kushona nguo za watu wengine kwa miaka mingi, lebo zikibandikwa za wengine.

Kampuni ilikuwa na mshauri wake wa historia, Mkenya anaitwa Wanjala, mwalimu wa chuo kikuu. Alikuja dukani kwetu na mkoba umejaa picha za zamani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaanza kufundisha. Alipenda kufundisha huyo! Maman Bora alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, akaacha.

"Zamani, Mama Riziki, kulipwa kwa kucheza ilikuwa aibu," Wanjala akasema. "Mchezo ulikuwa wa mabwana wenye wakati wao. Sasa klabu inataka kijana hodari, mtoto wa kiwandani. Inafanyaje? Inamtafutia kazi ya uongo kwenye duka la mtu. Anaandikwa karani, lakini kalamu haishiki. Kazi yake ni kupiga mpira tu."

"Basi analipwa kwa jina la kazi nyingine," nikasema.

"Haswa. Mpaka timu moja ikasema wazi, sisi hawa tunawalipa, wote, na hatuoni haya. Wakazunguka nchi nzima wakiwapiga wenzao."

Niliwapenda watu hao palepale. Wanjala akatuambia walivyodaka mpira mgumu kwa mikono mitupu, vidole vikavunjika na kupona vimepinda, na wa kwanza kuvaa glovu alivyochagua ngozi ya rangi ya mkono wake ili watazamaji wasimwone wakamcheka. Katika filamu yetu mwenye glovu alikuwa mdakaji, na mwigizaji wake alikuwa kijana mweusi wa Soweto, kwa sababu Wanjala alieleza kwamba walikuwepo weusi wachache waliocheza na kulipwa kabla hawajafungiwa mlango. Kampuni ikatuletea ngozi ya rangi ya waridi. Nikamwangalia Thandeka, Thandeka akaniangalia. Niliipaka ile ngozi rangi ya viatu mara nne mpaka ikalingana na mkono wa kijana yule, naye alipoivaa akaunyoosha mkono mbele ya kioo, akacheka peke yake.

Suruali ndizo zilizomshangaza Maman Bora. Wakati ule mwanaume mzima kuonyesha umbo la miguu yake hadharani lilikuwa jambo la kuzungumzwa.

"Bale banaume balikuwa banavaa hivi mbele ya bantu?" akauliza.

"Mbele ya maelfu," Wanjala akajibu.

"Bon," akasema Maman Bora, "balikuwa na miguu mizuri, mi sikatae."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Thandeka aliniachia ukurasa wa michoro. Juu kulikuwa na wanaume wawili, mmoja mwenye soksi za kijani, mwingine soksi za kahawia. Chini yao yalipangwa mashati tisa madogo ya rangi tisa, kila moja na namba yake, moja hadi tisa. Akaniambia nifuate mchoro, na vitambaa nichague mwenyewe kwa sababu Fordsburg naijua kuliko yeye.

Niambieni, ninyi watoto wa kwaya: watu wanaotoka pamoja huvaa nini? Sare! Harusini sare, kanisani sare, hata kwenye msiba kamati ya wamama huvaa kitenge kimoja. Tangu nikiwa msichana sijaona watu wa kundi moja wamevaa rangi tisa isipokuwa wamegombana. Na ukurasa wenye rangi nyingi zenye namba naujua: ndio ninaompa bibi harusi achague. Kwa hiyo nikachagua. Timu moja bluu ya mbingu, timu nyingine nyekundu iliyoiva. Sikumuuliza Thandeka, sikumuuliza Wanjala. Niliona kuuliza ni kujidhihirisha kuwa kweli mimi ni mama wa zipu.

Nikanunua flaneli ya sufu, nikairowesha yote kwenye mabeseni, tukaitandaza juu ya paa la jengo mpaka wapangaji wakanung'unika. Tukakata, tukashona. Thandeka alipokuja kujaribisha, alimleta mwigizaji mmoja tu, mrushaji wa timu ya soksi za kijani. Nikamvisha shati la bluu. Thandeka akamzunguka, akavuta kola, akanyanyua mkono wake.

"Sharp, Mama! Bluu ni yenyewe kabisa."

Nikajiona malkia. Bluu ni yenyewe kabisa! Nani tena angenitia shaka?

Alhamisi mchana tukakabidhi. Thandeka akaja na Wanjala, akafungua sanduku la kwanza, akatoa shati la bluu, la pili bluu, la tatu bluu. Akafungua sanduku jingine: jekundu, jekundu, jekundu. Akaketi juu ya sanduku.

"Mama," akasema taratibu, "rangi nyingine saba ziko wapi?"

Wanjala ndiye aliyenieleza, na aliona uchungu kunieleza. Katika siku zile kulikuwa na msimu mmoja wa wazimu ambapo wakubwa wa mchezo waliamua shati lionyeshe kazi ya mtu uwanjani na si timu yake. Mrushaji bluu, mdakaji nyekundu ya moto, wa kituo cha kwanza nyekundu na nyeupe, wa kushoto nyeupe, hivyo hivyo mpaka watu tisa. Timu ilitambulika kwa soksi pekee. Matokeo yake mrushaji wa huku na mrushaji wa kule wamevaa shati moja. Watazamaji walicheka, wachezaji walilalamika, na mashati hayo hayakumaliza msimu. Na sehemu itakayopigwa picha Jumatatu ilikuwa juu ya kichekesho hicho chenyewe: mchezaji anamrushia mpira adui kwa sababu amevaa shati kama la mwenzake.

Nilikasirika kwanza. Niliukasirikia mchoro, nikawakasirikia Wamarekani, nikamkasirikia Thandeka kwa kuniambia bluu ni yenyewe. Maman Bora aliniacha nimalize. Halafu nikaona uso wa Thandeka, na simu yake ikaanza kulia. Alikuwa bosi wake. Tulisikia wote, kwa sababu mtu yule hakujua kusema polepole: Jumatatu saa tatu asubuhi kamera zinaanza. Mashati yasipokuwepo, sehemu hiyo inafutwa, kazi yote iliyobaki inaondolewa Joubert Park, na Thandeka ajitafutie pengine.

"Eish," Thandeka akasema baada ya kukata simu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Nilipaswa kuuliza. Umesema Jumatatu saa tatu? Basi niache nifikiri."

Vijana, fundi aliyeharibu kitambaa asikimbilie kununua kingine. Kwanza akae na kilichoharibika akiulize kinaweza kuwa nini. Nilitandaza mashati yote kumi na manane juu ya meza na sakafu. Bluu mawili ya warushaji yapo. Mekundu yaliyoiva ya mchezaji wa katikati yapo, mawili. Kulikuwa na rangi ya bluu yenye mistari myeupe: si ni bluu tu pamoja na utepe? Nyekundu yenye mistari myeupe, nyekundu yenye mistari myeusi: utepe tena. Tukahesabu na Wanjala. Mashati kumi yangeokoka. Manane tu ndiyo ya kushona upya.

Shida ilikuwa miili. Nilikata mabluu kwa vipimo vya timu moja, sasa mengine yanahamia timu ya pili, kwa watu wengine wenye vifua vingine. Hapo nilimshukuru Mzee Hamisi, ambaye wakati ule alikuwa amekwisha kurudi Tanga. Alinilazimisha siku zote kuacha akiba ya vidole viwili ndani ya mshono wa ubavuni. "Acha nafasi," alikuwa akisema, "bwana huyu kesho atakula ubwabwa." Mashati yangu yote yalikuwa na akiba hiyo. Tukafumua ubavu, tukaachia hapa, tukabana pale.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Fordsburg maduka hayajafunguliwa. Nikapata flaneli nyeupe, ya kijivu, nyekundu ya moto na ya chungwa. Utepe nikaununua kwa mizingo. Mwenye duka akaniuliza kama ninafungua bendi.

Shati la kwanza la mistari likatuharibikia. Tulishona utepe ukiwa mkavu, Maman Bora akapiga pasi, na utepe ukajikunja wote, kifua kikawa kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Tulirowesha sufu tukasahau kwamba utepe nao ni kitambaa! Tukaufumua. Tukarowesha mizingo yote, tukaianika dirishani. Halafu tukajifunza jambo la pili, nanyi liandikeni: mstari wa kwanza uanzie katikati ya kifua, uende nao kulia na kushoto. Ukianzia ubavuni, ukifika katikati mistari haipatani, na jicho la mtu huenda moja kwa moja hapo. Chora kwa chaki na rula ya mbao, bandika kwa mshono wa muda, ndipo upige mashine.

Jumamosi saa nne asubuhi, mashine zikiwa zimepamba moto, umeme ukakatika mtaa mzima. Mashine zetu tatu zikanyamaza kwa pamoja. Ilibaki cherehani moja ya miguu, ile niliyokuja nayo, ambayo Maman Bora alikuwa ananiambia kila mwaka niiuze. Nikaikalia. Nilikanyaga mpaka jua lilipoacha dirisha. Magoti yanayonisumbua leo yalianza kulalamika siku ile, na siyalaumu. Nilimaliza mashati manane mapya, lakini utepe wa yale ya zamani, vifungo na vitundu vyake vilikuwa vimebaki karibu vyote, na umeme haukurudi.

"Hii kazi iko nguvu kuliko sisi bawili," Maman Bora akasema. "Kesho nitasema kanisani."

"Utasema nini? Kwamba Mama Riziki ameshindwa?"

"Nitasema tunahitaji mikono. Wewe, kiburi yako iko inakula sana kuliko watoto."

Alikuwa ameshinda. Jumapili baada ya ibada alisimama mbele, akaeleza mambo yote bila kunificha: mchoro, sare, kosa langu, Jumatatu. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini walipoelewa kwamba nimewashonea sare watu waliotakiwa wasivae sare, kwaya nzima ikacheka, na kicheko kile kikanitoa mzigo. Wanawake sita wakatufuata dukani moja kwa moja kutoka kanisani, wamevaa kitenge chao cha kwaya, kila mmoja na sindano yake. Tukafungua madirisha yote tupate mwanga. Wakashona kwa mkono huku wakiimba sauti nne.

Wanjala naye akaja kuhakikisha kila shati linakwenda kwa mtu wake. Wale wanawake hawakumruhusu asimame bure. Wakampa pini.

"Mwalimu, shika hapa. Hapana, hapa!"

"Aki nimejidunga," akasema.

"Utajidunga tena," wakamjibu. "Endelea."

Alasiri Thandeka akaleta mifuko ya magwinya ya moto, ambayo sisi tuliyaita mandazi na tukala kama mandazi. Alipoona mashati yaliyokwisha yametundikwa kwenye kamba, rangi tisa mara mbili, akafunika mdomo kwa mikono.

"Niwape nini?" akauliza. "Semeni, nitakwenda kupigania."

Nilikuwa na jibu tayari. Nadhani nilikuwa nalo kwa miaka mingi. "Mwishoni mwa filamu huwa mnaandika majina," nikamwambia. "Utuandike. Mimi kama mkataji, hawa kama washonaji. Wote."

Thandeka akakunja uso. "Mama, kwa kawaida wanaandika mkuu wa mavazi na wasaidizi wake wa ofisini. Bosi atakataa."

"Akatae akiwa ameshika shati mkononi."

Akachukua karatasi tukaandika majina yetu kamili. Hapo ndipo alipogundua kwamba Mama Riziki si jina langu, ni jina la mtoto wangu wa kwanza. Nikamwandikia: Vumilia Nabintu. Alilisoma mara mbili, kwa aibu kidogo, baada ya miaka yote ile ya zipu.

Jumatatu saa mbili na nusu mashati yalikuwa Midrand, na mimi niliyafuata, kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Bosi alikuwa mtu mrefu mwenye miwani shingoni. Alichukua shati la mistari ya bluu, hakuangalia mbele. Aligeuza ndani, akapitisha kidole kwenye mshono, akaona akiba, akaona jinsi mistari ya mkononi ilivyokutana na ya begani. Akalirudisha kwenye kamba na kwenda zake.

Wachezaji wakatoka uwanjani. Vijana wangu, sitasahau! Kwenye zile mbao za kukalia walikuwa wamekaa watu wengi waliokodiwa kuwa watazamaji, wamevaa kofia za zamani, wameambiwa wacheke kwa ishara. Ishara haikuhitajika. Mtu wa soksi za kijani alikimbia mpaka kituo cha kwanza akasimama pembeni ya adui yake, na wote wawili walikuwa na mistari myekundu na myeupe ileile, wakaangaliana kama mtu aliyekutana na kioo njiani. Mrushaji akainua mpira, akasita, akautupa kwa asiye wake. Zile mbao zikatetemeka kwa kicheko. Mwongozaji mwenyewe alicheka hadi akaharibu upigaji wa kwanza. Wakarudia mara sita. Mwigizaji mmoja alijitupa chini na kuteleza kwa ubavu mara zote sita, na hakuna mshono ulioachia hata mmoja. Nilihesabu.

Walipopumzika nikamsikia bosi akimuuliza Thandeka nani amekata.

"Mama yule pale."

"Yule wa zipu?"

"Alikuwa wa zipu," Thandeka akasema.

Akanijia, akanipa mkono, akaniuliza kama ninaweza kumkatia makoti ya kiume kwa kazi nyingine inayokuja, mengi. Nilimwambia ninaweza, na makoti ndiyo ninayoyapenda zaidi, lakini kwanza tuzungumze kuhusu majina. Akacheka, akasema ataona. "Ataona" si "ndiyo", nilijua hivyo. Makoti yale nilimkatia, na mengine baada ya hayo. Tulihama tukapata chumba kikubwa chenye meza ya kukatia. Hakuna aliyeniletea zipu tena bila kuomba radhi. Lakini kuhusu majina hakuna aliyetuambia kitu, nami kwa kiburi changu sikuuliza tena.

Filamu ilichukua muda mrefu kutoka. Siku ilipotoka, Thandeka alitupatia tiketi, tukaenda wanane kwenye sinema ya jumba kubwa la maduka, tumevaa kitenge cha kwaya, maana tulisema tukivaa kila mtu lake tutafanana na ile timu. Mashati yetu yalipotokea tulishikana mikono gizani. Watu walicheka palepale tulipotaka wacheke. Kisha filamu ikaisha, muziki ukaanza, na watu wakainuka kuchukua mikoba yao. Sisi hatukuinuka. Majina yakaanza kupanda. Waigizaji, wapiga picha, madereva, waliopika, hata aliyetunza farasi. Mavazi: jina la bosi. Jina la Thandeka, akiwa msaidizi mkuu. Halafu pakawa na nafasi tupu kidogo, nami nikasema moyoni, basi.

Maman Bora ndiye aliyeruka kwanza. Alisimama juu ya miguu yake mibovu, akaelekeza kidole, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Wanawake sita wakaitikia. Mimi nililia tu, kwa furaha, wazi, mdomo umefunguka.

Mlango ukafunguliwa na mlinzi akaingia mbio na tochi kuona nani ameumia. Alikuwa kijana wa kwetu, nilimtambua alipofungua kinywa.

"Kuko nini, bamama? Nani amekufa?"

"Hakuna mwenye amekufa!" Maman Bora akamwambia. Akamgeuza kwa mabega kuelekea skrini. "Soma, mwana. Soma kwa nguvu!"

Majina yalikuwa yanakaribia kutoka juu. Kijana akazima tochi, akavua kofia yake ya kazi, akasoma jina la juu kwa sauti ya mtu anayesoma kanisani: "Mkataji wa mavazi, Vumilia Nabintu." Kisha akageuka kwetu na kuuliza ni nani kati yetu, nami nikasimama.